Joto la Udongo Huamua Jinsi ya Kobe: Mambo ya Kufahamu kwa Wananchi wa Masasi na Newala

Na Mwandishi Wetu, Newala

Kwa binadamu, ng'ombe na kuku, jinsi ya mtoto huamuliwa siku ile ile yai linaporutubishwa. Kromosomu zinazokutana siku hiyo ndizo zinazoamua, na hakuna hali ya hewa inayoweza kubadili uamuzi huo baadaye. Kwa kobe wa nchi kavu mambo ni tofauti. Yai la kobe linapotagwa bado si la dume wala la jike. Jinsi ya kifaranga hupatikana baadaye, ndani ya udongo, kutokana na joto linalolizunguka yai katika kipindi fulani cha kukua kwake.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Wilaya za Masasi na Newala, mkoani Mtwara, ambako kobe hutaga katika ardhi ile ile inayolimwa mihogo, mbaazi, karanga na korosho. Mwananchi anayefyeka kichaka, anayechoma majani au anayehamisha mayai aliyoyafukua kwa jembe hubadili joto la udongo. Kwa kufanya hivyo, bila kuua kobe hata mmoja, anaweza kubadili uwiano wa madume na majike wa kizazi kitakachofuata.

Ugunduzi wenyewe

Ushahidi wa kwanza ulipatikana hapa hapa barani Afrika. Mwaka 1966, mtafiti wa Kifaransa Madeleine Charnier, aliyekuwa akifanya kazi Dakar nchini Senegal, alichapisha taarifa kwamba mayai ya mjusi aina ya Agama agama hutoa jinsi tofauti kulingana na joto yanamokulia. Miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Claude Pieau wa Ufaransa alionesha kuwa kanuni hiyo inafanya kazi pia kwa kobe, akitumia kobe wa maji baridi wa Ulaya na kobe wa nchi kavu wa maeneo yanayoizunguka Bahari ya Mediterania. Tangu hapo uchunguzi umepanuliwa hadi kwa kasa wa baharini, mamba na spishi nyingine nyingi za reptilia.

Utaratibu wa kobe na kasa ni rahisi kuukumbuka: udongo wa baridi hutoa madume, udongo wa joto hutoa majike. Katikati pana joto la mpaka, ambapo takriban nusu ya vifaranga huwa madume na nusu majike. Kwa kasa wengi wa baharini mpaka huo uko karibu na nyuzi joto 29 za Selsiasi. Kwa kobe wa jangwani wa kusini-magharibi mwa Marekani, aliyechunguzwa kwa kina katika miaka ya 1990, mpaka uko kwenye nyuzi 31 na kidogo. Mayai yaliyowekwa chini ya nyuzi 30.6 yalitoa madume, na yaliyowekwa juu ya nyuzi 32.8 yalitoa majike. Msomaji ataona kwamba pengo kati ya kizazi cha madume watupu na kizazi cha majike watupu ni nyuzi mbili tu na kitu. Hiyo ni tofauti ndogo kuliko ile anayoihisi mtu anapotoka kwenye jua na kukaa chini ya mwembe.

Mamba, ambao wakazi wa kando ya Mto Ruvuma wanawafahamu vizuri, wana utaratibu wao. Kwao joto la kati, karibu nyuzi 32 hadi 34, ndilo hutoa madume wengi, ilhali joto la chini na la juu kupita kiasi hutoa majike. Kwa sababu hiyo haifai kuchukua maelezo ya mnyama mmoja na kuyatumia kwa mwingine.

Kinachotokea ndani ya yai

Kiinitete cha kobe huanza kikiwa na tezi changa ambazo zinaweza kuwa korodani au ovari. Uamuzi hufanyika takriban katika theluthi ya kati ya muda wote wa kukua. Kabla ya hapo joto halina athari kwa jinsi, na baada ya hapo mlango umekwisha kufungwa. Kifaranga hatabadilika tena hata akihamishiwa penye joto la namna gani.

Katika kipindi hicho cha kati, joto kubwa huongeza kazi ya kimeng'enya kiitwacho aromatasi. Kimeng'enya hicho hugeuza homoni za kiume kuwa estrojeni, na estrojeni huzielekeza tezi zile changa kuwa ovari. Joto likiwa la chini, aromatasi hubaki kidogo na njia ya korodani huendelea. Mwaka 2018 watafiti wa China na Marekani walichapisha katika jarida la Science matokeo yaliyoonesha mojawapo ya swichi za awali kabisa, nayo ni jeni iitwayo Kdm6b. Katika mayai ya kobe wa maji baridi wa Marekani yaliyokuzwa katika nyuzi 26, joto ambalo kwa kawaida hutoa madume, walipoipunguza kazi ya jeni hiyo sehemu kubwa ya viinitete iligeuka kuwa majike.

Shambani hakuna joto la maabara lisilobadilika. Udongo hupata moto mchana na kupoa usiku, na mabadiliko hayo hupungua kadiri unavyokwenda chini. Tena, kiinitete hukua haraka zaidi saa za joto kuliko saa za baridi, kwa hiyo saa za mchana huwa na uzito mkubwa kuliko wastani wa siku unavyoonesha. Viota viwili vyenye wastani mmoja vinaweza kutoa jinsi tofauti, kimoja kikiwa chini ya kivuli na kingine kikiwa peupe.

Kobe wa Masasi na Newala

Kobe anayeonekana zaidi na wananchi ni yule mkubwa mwenye gamba la rangi ya manjano lililojaa madoa meusi, ambaye kitaalamu huitwa Stigmochelys pardalis na ambaye yupo katika sehemu kubwa ya Mashariki na Kusini mwa Afrika. Wapo pia kobe wadogo wa jenasi ya Kinixys, ambao ni rahisi kuwatambua kwa sababu sehemu ya nyuma ya gamba lao hukunjika kama mlango wenye bawaba na kufunga miguu na mkia wanapotishwa.

Jike wa kobe mwenye madoa huchagua mahali, hulainisha udongo kwa maji anayoyatoa kibofuni, kisha huchimba kwa miguu ya nyuma bila kutazama anachofanya. Hutaga mayai yanayoanzia matano au sita hadi zaidi ya ishirini, huyafukia, huukandamiza udongo kwa tumbo la gamba lake na kuondoka moja kwa moja. Halalii mayai wala harudi kuyaangalia. Husemwa mitaani kwamba ukimwona kobe ameinama ujue anatunga sheria. Kwa hili la kutaga usemi huo una ukweli usiotarajiwa, maana mahali anapochagua jike kuinama ndipo jinsi ya watoto wake itakapoamuliwa.

Mayai hayo hukaa ardhini muda mrefu, kwa kawaida kati ya miezi minane na zaidi ya mwaka mmoja kwa yaliyotagwa porini. Katika ukanda wa kusini wenye msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei, maana yake ni kwamba yai hupitia majira zaidi ya moja. Hupita katika baridi ya Juni na Julai, joto kali la Oktoba na Novemba, na unyevu wa masika. Theluthi ile ya kati inaweza kuangukia majira yoyote kati ya hayo, kutegemea mwezi ambao yai lilitagwa. Utaratibu huu wa asili ndio unaowezesha wilaya moja kupata madume kutoka viota vingine na majike kutoka vingine, na idadi ya kobe ikabaki na uwiano.

Jiografia nayo inachangia. Mji wa Newala uko ukingoni mwa Uwanda wa Juu wa Makonde, ukitazama bonde la Mto Ruvuma, wakati Masasi iko chini yake upande wa magharibi, katikati ya vilima vyake vya mawe. Kila anayepanda mteremko ule kutoka Masasi huhisi hewa ikibadilika. Kwa kanuni ya jumla hewa hupungua joto kwa takriban nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 za mwinuko, hivyo tofauti ya mita 300 inatosha kuleta karibu nyuzi mbili. Tumekwisha kuona kwamba nyuzi mbili ndizo zinazotenganisha madume na majike. Kiota kilicho peupe pale Newala na kiota kilicho peupe Masasi, vyenye mayai ya spishi moja, si lazima vitoe watoto wa jinsi moja.

Udongo wa uwanda wa Makonde una mchanga mwingi na hunyonya maji haraka. Wakazi wanaufahamu ukweli huo kwa machungu, kwani ndiyo sababu mito na visima vya karibu ni adimu huko juu, na maji yamekuwa yakipandishwa kwa pampu kupitia Mradi wa Maji Makonde tangu miaka ya 1950. Kwa mayai ya kobe, mchanga mkavu una maana nyingine: hushika joto upesi unapopigwa na jua. Kivuli kilicho juu yake ndicho kinachoupunguzia ukali.

Kivuli, moto na jembe

Hapa ndipo shughuli za binadamu zinapoingia. Mkorosho uliokomaa una matawi mapana yanayofika karibu na ardhi, na chini yake huwa na majani makavu mengi. Udongo wa hapo ni wa baridi kuliko wa shamba lililo wazi. Kichaka cha asili hufanya kazi hiyo hiyo kwa namna ya madoa madoa, huku kivuli, kule jua, na ndiyo hali inayomfaa zaidi kobe kwa sababu humpa jike nafasi ya kuchagua.

Kichaka kikifyekwa chote, chaguo hilo hutoweka na viota vyote vya eneo hilo huwa vya jua. Iwapo joto la udongo litapita mpaka, vifaranga wengi watakuwa majike. Likipanda zaidi, mayai hufa kabisa. Katika uchunguzi wa kobe wa jangwani wa Marekani, mayai yaliyokaa kwenye nyuzi 35.3 yalipata hasara kubwa. Kinyume chake pia kinawezekana: kiota kilichofunikwa kwa rundo la takataka za shamba au kivuli kizito kupita kiasi kinaweza kutoa madume watupu.

Moto una madhara ya haraka zaidi. Uchomaji wa majani wakati wa kuandaa mashamba huondoa kivuli kwa siku moja, huacha majivu meusi yanayovuta joto la jua kwa wiki kadhaa, na huunguza kobe wakubwa wasioweza kukimbia. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inamtaka anayekusudia kuchoma uoto nje ya eneo la makazi yake kupata kibali kwanza. Kwa kawaida sharti hilo huelezwa kwa ajili ya kulinda misitu na mikorosho ya jirani, lakini linamlinda pia mnyama huyu aliye chini ya ardhi ambaye mchomaji hamwoni.

Wapo wanaouliza kama majike wengi si neema, kwa kuwa dume mmoja anaweza kupanda majike kadhaa na jike huweza kuhifadhi mbegu za dume mwilini kwa muda mrefu. Hoja hiyo ina ukweli kwa kiasi. Hata hivyo kobe ni mnyama anayekwenda polepole, na pale walipobaki wachache kwa eneo, jike anaweza kupita msimu mzima bila kukutana na dume. Tena kobe mwenye madoa wa porini huchukua miaka kumi au zaidi kufikia umri wa kuzaa. Kasoro inayoingia katika uwiano wa mwaka huu itaonekana baada ya muongo mmoja, wakati ambapo kuirekebisha kutachukua muongo mwingine.

Dalili za hatari hiyo zimekwisha kuonekana kwa ndugu zao wa baharini. Mwaka 2018 watafiti walitoa taarifa kwamba miongoni mwa kasa wa kijani wachanga wanaotoka fukwe za kaskazini mwa Great Barrier Reef, nchini Australia, zaidi ya asilimia 99 walikuwa majike. Shirika la Hali ya Hewa Duniani nalo limeutaja mwaka 2024 kuwa wenye joto zaidi katika kumbukumbu zote, kwa takriban nyuzi 1.55 juu ya wastani wa nusu ya pili ya karne ya 19. Katika mkoa huu wa Mtwara, kasa hutaga kwenye fukwe za Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na kanuni ya joto inawahusu kama inavyowahusu kobe wa Masasi.

Endapo utakuta mayai

Jambo la kwanza ni kuyaacha yalipo. Kama jembe limekwisha kuyafunua na hayajavunjika, yafunike kwa udongo ule ule na kwa kina kile kile, bila kuyageuza. Muda mfupi baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza sehemu ya juu ya ganda kwa ndani. Yai likigeuzwa baada ya hapo kiinitete kinaweza kufa hata kama ganda halina ufa. Rudisha majani yaliyokuwa juu, usiongeze wala kupunguza, weka kijiti cha alama ili palizi lipite kando, kisha toa taarifa kwa Serikali ya kijiji au kwa Afisa Wanyamapori wa Wilaya.

Wapo wananchi wenye nia njema wanaoyachukua mayai na kuyafukia nyuma ya nyumba ili mbwa na watoto wasiyafikie. Nia hiyo inaeleweka, lakini ua uliofagiliwa hauna kivuli cha kichaka, na mayai yaliyotoka chini ya mkorosho yakipelekwa hapo yanabadilishiwa joto katika kipindi ambacho mhamishaji hakijui. Pale uhamishaji unapolazimu, kwa mfano eneo linapochimbwa msingi wa jengo au kupitishwa barabara, kazi hiyo ifanywe na wataalamu. Wao hutia alama upande wa juu wa kila yai kwa penseli, hupima kina cha kiota cha awali, huchagua mahali penye kivuli cha kiwango kile kile, na huweka kipimajoto pembeni.

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inakataza kukamata au kumiliki mnyamapori bila kibali, na tafsiri yake ya nyara inajumuisha mayai. Anayemfuga kobe uani kwa mapenzi tu, au anayechukua mayai kwa ajili ya dawa au kuuza, anaingia katika kosa lile lile. Kobe wote wa nchi kavu wamo pia katika orodha za Mkataba wa Kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, CITES, ambao Tanzania ni mwanachama, hivyo kuwasafirisha nje bila vibali ni kosa mara mbili.

Ufugaji wenyewe una somo ambalo Zanzibar imelipitia. Kobe wakubwa wa kisiwa cha Changuu, waliotokana na zawadi ya kobe wanne kutoka Shelisheli mwaka 1919, waliongezeka hadi kufikia mia kadhaa, kisha wakapungua kwa wizi hadi saba tu mwaka 1996. Kundi lililobaki na wanyama saba haliwezi kumudu kizazi cha jinsi moja. Kila kiota kinachofukiwa katika mazingira ya namna hiyo kinahitaji kuangaliwa kivuli chake.

Kwa kumtazama kifaranga aliyetoka kuanguliwa, hakuna mwananchi wala mtaalamu anayeweza kumtambua jinsi kwa macho. Alama huonekana miaka mingi baadaye: dume huwa na mkia mrefu na mnene zaidi, na gamba la tumboni limebonyea ndani kidogo, wakati la jike ni bapa. Kwa hiyo anayemwokota kifaranga kwa lengo la kumpatia kobe wake wa nyumbani mwenzi anabahatisha, mbali na kuvunja sheria.

Vifaranga wengi hutoka ardhini mvua za kwanza zinapolainisha udongo uliokuwa mgumu juu ya kiota. Wakulima wa Masasi na Newala ndio huwaona kwanza, kwa kuwa ni majira hayo hayo wanayoingia shambani kupanda. Kifaranga wa namna hiyo hahitaji kulishwa wala kupewa maji. Anabeba mabaki ya kiini cha yai yanayomtosha kwa siku zake za mwanzo. Akikutwa njiani anapopita trekta au bodaboda, asogezwe pembeni kwenye majani, upande aliokuwa anaelekea. Kobe waliokamatwa au wanaouzwa, ikiwemo katika vijiji vinavyopakana na Mapori ya Akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule, wataarifiwe kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA) au kituo cha polisi kilicho karibu.